Siku Mama Alipowapa Lango

Lengalenga, mchicha wa kwetu, huchambuliwa na watu wawili, ndivyo mama alivyonizoesha. Yeye anachuma majani, mimi namenya vishina laini ambavyo wengine huvitupa, na katikati yetu sinia linajaa bila mtu kusema neno. Kila Jumamosi asubuhi tulikaa hivyo kwenye ngazi ya nyumba yetu ya Musaga, hapa Bujumbura, khanga zimefungwa kiunoni, miguu ikipigwa na jua ambalo bado halijakasirika. Niliipenda saa ile kuliko saa nyingine zote za juma, kwa sababu haikunidai maneno.

Jumamosi ile sinia halikuwa limefika nusu. Gari lilisimama mbele ya uzio wetu, pua yake ikaziba lango, na wakashuka watu waliovaa vizuri kupita kiasi kwa asubuhi kama ile. Wa kwanza alikuwa mwanamke mnene aliyefunga vitambaa vya sherehe begani. Nilimjua kwa picha: Tantine Médiatrice, shangazi yake Armel, kijana niliyekuwa naye. Nyuma yake alikuja mzee mwembamba mwenye kofia na fimbo, na dereva aliyebeba kreti ya bia. Akarudi garini, akaleta ya Fanta.

Mama alijifuta mikono kwenye khanga, akanitazama, akayatazama makreti. «Nsimire, leta viti,» alisema. Kisha kwa sauti ya chini: «Ni ba nani hawa?»

Sikuwahi kumjibu. Mzee alikwisha kuvua kofia.

Aliitwa Sylvère, na baadaye nilikuja kujua kwamba kwao hakuna harusi wala msiba unaopita bila kinywa chake. Alizungumza Kirundi kizuri, kile cha kuimba kidogo, chenye ng'ombe na maziwa na baraka ndani yake. Alisema wamepita njiani wakaona boma hili, wakapenda utulivu wake. Alisema boma zuri lina lango zuri. Mwishoni akaomba, kwa unyenyekevu mkubwa, kama mama mwenye nyumba angewaruhusu washike lango lile, asije mwingine akalishika.

Mimi nilisoma shule za Bujumbura tangu chekechea. Nilielewa kila neno. *Gufata irembo*, kushika lango: ndivyo Warundi wanavyosema wanapokuja kumwekea msichana alama, kabla ya mahari, kabla ya tarehe, ili ijulikane kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Mama yangu aliingia mji huu akiwa mtu mzima, akitoka Bukavu, Kongo, na Kirundi chake alikiokota sokoni kati ya mafungu ya ndagala, dagaa wa ziwani. Kinajua kupima, kupunguza bei, kutukana na kuomba radhi. Alisikia «lango». Alilitazama gari lililoziba lango letu. Akadhani mzee anaomba ruhusa ya kuliegesha.

«Lango ni lenu!» alisema kwa ukarimu wake wote. «Mulishike tu. Hata kutwa nzima.»

Tantine Médiatrice alipiga vigelegele. Mzee Sylvère aliinama kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba. Mama, akishangaa jinsi watu hawa walivyo na adabu kwa jambo dogo la gari, alifungua chupa, akamwita jirani yetu mama Lisette kutoka ng'ambo ya ukuta, akawagawia watu, akanywa na yeye Fanta yake mpaka chini. Mimi nilisimama mlangoni na sinia la glasi. Ulimi wangu ulikuwa kinywani, mzima, haukuuma popote. Haukutoka.

Armel hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonifunga. Angekuwa mlevi au mkorofi, hata mimi ningepata sauti. Alikuwa mhasibu katika shirika moja la Kinindo, anapiga pasi mashati yake mwenyewe, anawasalimu walinzi kwa majina yao. Mvua ikitukuta njiani alinipa koti lake, akafika nyumbani kwao Mutanga Nord amelowa na kucheka. Nilipokaa kimya muda mrefu, hakunihimiza. Alikuwa mwanamume wa kwanza kuuacha ukimya wangu upumzike.

Lakini kulikuwa na ile jioni ya brochette, mishikaki ya kwetu, ufukweni. Danielle, rafiki yangu wa chuo, alikuwa anatimiza miaka, na meza nzima iliangukia mazungumzo ambayo siku hizi hayakosi mezani: nani alipe, nani apike, msichana wa diploma ni mke au ni bosi. Mmoja alisema mwanamume asiye na kiwanja asimwangalie hata msichana. Mwingine akajibu kwamba wasichana wa leo wanataka mfuko wa baba yao na upole wa kaka yao ndani ya mwili mmoja. Danielle akasema, «Mwanaume akilipa brochette moja anafikiri amelipa na mahari.» Tulicheka sana, Armel pia, naye ndiye aliyekuwa amelipa.

Ndipo Fabrice, mwenzake wa kazini, alipomchokoza. Na we, akamwuliza, huyu wako wa maabara utamweka wapi?

Armel aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti changu. «Mi nitamuacha afanye kazi,» alisema.

Meza ikapiga makofi. Wasichana nao walipiga makofi. Hata Danielle, mwenye ulimi usiolala, alinifinya goti kuniambia nimepata. Mimi nilitabasamu. Nyumbani nilirudi na neno moja. Kuacha. Mtu huacha kitu alichokishika mkononi. Nilijiuliza ni lini kazi yangu ilihamia mkononi mwake, na kama ilikuwa huko tangu siku ile ya koti na mvua.

Wiki chache baadaye mkuu wetu wa maabara aliniita. Kituo kipya kilikuwa kinafunguliwa Rumonge, cha kupima maji ya ziwa wanayokunywa watu wa vijiji vya kusini. Kwenda Jumatatu, kurudi Ijumaa. Alinitaja mimi kwa jina. Sijui niwaelezeje wasioijua kazi ile: unachukua maji yanayoonekana safi kama kioo, unayalaza kwenye kisahani, na baada ya siku moja yale maji yanakuambia ukweli wake kwa vidoadoa. Hapo hakuna anayekuomba uongee kwa sauti. Ni lazima tu usikosee. Ilikuwa kazi iliyoumbwa kwa mtu kama mimi.

Nilimweleza Armel siku ya Ijumaa, tukitembea. «Wiki nzima?» alisema. «Sasa huyo ni mke wa nani?» Alicheka. «Na nani atanipikia?» Alicheka tena, kidogo zaidi kuliko mwanzo, kisha akaacha kucheka. Aliniuliza kama ningewaambia hapana. Nikasema, «Tutaona.» Nilimaanisha kwamba inaniuma na sijui niseme nini. Yeye alisikia ndiyo. Kesho yake asubuhi shangazi yake alikuwa langoni.

Gari lilipoondoka, nilimweleza mama habari ya Armel na ya Rumonge, kisha alichokubali. Kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaona ninalia, akayatazama yale makreti yenye chupa tupu, akakaa chini kwenye ngazi. «Yesu,» alisema. «Na Fanta nilimaliza.»

Mjomba Bahizire, kaka yake, aliyesimama mahali pa baba tangu baba afariki, alikuja kabla ya jua kutua. Yeye ni mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa kelele nyingi na moyo mwepesi. Alimgombeza dada yake kama mtoto. «Umemunywa mutoto na makreti mawili!» alisema. «Hata mbuzi hawamunywi hivyo.» Lakini chini ya ukali wake niliona ameridhika. Kijana ana kazi, alisema, ana dini, anatoka nyumba nzuri. Vinywaji vilivyonywewa havirudishwi bila kutukana watu. Na sisi wageni katika nchi hii tutawatukana watu kwa sababu ya safari za Rumonge? Kijana mwenyewe amesema atamwacha afanye kazi hapa mjini. Nsimire anataka nini zaidi?

Walinigeukia wote wawili. Nilisema nimechoka, nikaenda kuimenya ile mboga iliyobaki peke yangu.

Armel alinipigia simu siku zote zilizofuata, akiwa na furaha iliyonivunja nguvu. Tantine wake, alisema, alipenda jinsi mama yangu alivyotoa lango bila maringo. Kwao inachukua nusu saa ya mabishano. Sikumwambia kwamba mama alidhani ni gari. Nilihofia angecheka, na nilihofia zaidi asingecheka. Akaniambia tarehe itapangwa Jumapili. Nilimwuliza kuhusu Rumonge, akasema, «Si ulisema tutaona?» kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona.

Jumapili walikuja baada ya misa. Sebule yetu ilijaa harufu ya manukato na viatu vilivyopakwa rangi. Safari hii Armel alikuwepo, amekaa nyuma ya shangazi yake ndani ya suti ya kijivu, mdomo umefungwa, maana katika kikao kama kile kijana anayeoa haongei, anaongelewa. Mzee Sylvère, kwa heshima yetu, alizungumza Kiswahili. Alimsifu mama, akaisifu Fanta aliyoinywa. Kisha akatangaza kwa furaha kwamba binti yetu, kwa upendo wake, amekataa kazi ya mbali ili asimame jikoni kwa mume wake, na kwamba kijana naye, kwa upendo wake, atamwacha aendelee na kazi ndogo hapa hapa mjini.

Mjomba Bahizire aliitikia kwa kichwa. Nilimtazama Armel. Alilitazama zulia.

Ndipo mama aliposimama. Hakuna aliyemtegemea.

«Mzee,» alisema, «mara ya kwanza mulinikuta na Kirundi ya sokoni. Leo nasema na yangu. Kwetu Bukavu, mutoto mwenyewe banamuuliza, mbele ya watu. Asipoitika, hakuna kitu.»

Mjomba alikohoa kikohozi cha kumkalisha. Hakukaa.

«Lakini mama,» Mzee Sylvère alisema kwa upole mwingi, «lango ulishatupa.»

«Lango niliwapa,» mama alisema. «Mutoto hayuko lango.»

Akanigeukia, akaniita jina langu lote, kama siku ya ubatizo. Akaniuliza kama ninaitika.

Nilisimama. Nikasema nawashukuru kwa kuja, nikasema namheshimu Armel na nyumba yake, ila habari ya Rumonge, ningependa kwanza tuizungumze vizuri. Sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba mama Lisette, aliyekuwa karibu na dirisha, alisogeza kiti.

Mzee Sylvère alitandaza mikono. «Mumesikia wenyewe? Ameshukuru, ameheshimu, na anataka kuzungumza na bwana wake. Huyu ni binti wa hekima.» Makofi yakaanza kona moja, yakazunguka sebule. Maneno yangu yaliondoka kwangu yakiwa mabinti. Yalipofika kule yalikuwa yameshaolewa.

Niliyaacha makofi yaishe. Nakumbuka kushangaa kwamba yanaisha.

«Apana, mzee,» nilisema.

Nikasikia mtu akivuta pumzi. Nadhani alikuwa mjomba.

«Hukusema kile nilisema.» Sikumtazama tena yeye. Nilimtazama Armel, juu ya bega la shangazi yake. «Kazi sijaikataa. Juzi niliwaambia ndiyo, kule maabara. Kesho naenda. Nakupenda, Armel, na naenda. Ile neno ya kuniacha nifanye kazi, usiseme tena. Haiko kwako, kwa hiyo hauwezi kuiacha. Kama unanitaka hivyo, sema. Kama hautaki, sema pia, mi sitakasirika.»

Uongo ulikuwa huo wa mwisho tu, na nafikiri alijua.

Tantine Médiatrice aliweka glasi yake chini. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao wa kweli, wa mwanamke aliyeamka saa kumi na moja maisha yake yote kwa ajili ya watu wengine. «Na huyu,» aliuliza, akimwonyesha mpwa wake kwa kidevu, «wiki nzima atakula nini?»

Mama Lisette alicheka, akajiziba mdomo. Mzee Sylvère aliinua fimbo yake na kusafisha koo. Nikaona sentensi nzuri ikijipanga usoni pake, sentensi ambayo ingetuvusha wote salama bila mtu yeyote kujibu chochote. Alifungua kinywa. Mkono wa Armel ukatokea nyuma ya shangazi yake, ukashika fimbo, ukaishusha taratibu mpaka ikagusa sakafu.

Alisimama. Suti ilikuwa imejikunja magotini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona anatafuta maneno kama ninavyoyatafuta mimi, moja moja, gizani.

«Si chakula, tantine,» alisema. «Kupika najua.» Kisha kwangu, polepole, mbele ya watu wote waliokuja kumsemea: «Naogopa utazoea kule. Ijumaa itafika, na hautakumbuka kurudi.»