Fuwele za Damu ya Kaka

Fundi wa maabara, ambaye wenzake walimwita Kiguu-na-Njia, hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Alikunywa akitembea, akapokea simu akitembea, na Jumatano hiyo, kabla hata ya saa nne asubuhi, alishapita mbele ya kisanduku cha kioo mara kumi na nne.

"Mama, keti," Profesa alimwambia bila kuinua kichwa. "Unanitia kizunguzungu. Fuwele hazikui kwa kuchunguliwa."

"Nimekaa, Profesa."

"Umekaa wapi? Nakusikia viatu."

Kisanduku kilijazwa naitrojeni ili hewa ya kawaida isipenye. Ndani yake kulikuwa na visahani viwili vya matone. Cha kushoto kilikuwa na damu ya fundi mwenyewe, ya kulinganishia. Cha kulia, damu ya kaka yake. Zote mbili zilichujwa mpaka ikabaki himoglobini tupu, ile protini inayoikamata oksijeni mapafuni na kwenda kuiachia mwilini. Siku tisa sasa protini zilikuwa zinajipanga safu kwa safu, zikawa punje ngumu za zambarau. Hizo ndizo fuwele. Ukiipiga eksirei, fuwele huitawanya miale ikawa vidoa, na kwa vidoa hivyo Profesa hukokotoa jinsi protini ilivyojengwa ndani.

Kaka alikuwa seremala, na midomo yake ilikuwa ya buluu tangu utotoni. Madaktari walisema ni moyo. Ijumaa wangempasua kifua. Dada mtu hakukubali. Moyo gani mbovu unapandisha mbao ghorofa ya tatu huku mwenyewe akipiga mluzi? Yeye aliishuku damu. Daktari wa upasuaji alikuwa amempa Profesa mpaka Alhamisi: aletewe picha ya protini aione, asipoletewa atashika kisu. Kuotesha fuwele nyingine muda haukuwepo.

Saa tano kaka akapiga simu.

"Haya, vitu vyenu vimeiva?"

"Bado. Kesho."

"Kesho, kesho! Ungekuwa mpishi tungeshakufa njaa." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Naogopa, mdogo wangu. Usimwambie mtu."

Simu ilipokatika, Profesa alikuwa ameshakwenda chumba cha pili kuwasha mashine ya eksirei. Kiguu-na-Njia akaenda dirishani, akarudi. Kioo cha kisanduku kilikuwa na ukungu, huoni kitu. Kuna glavu ndefu zilizoshikizwa ukutani mwa kisanduku, ndizo za kufanyia kazi bila kufungua. Lakini kwa glavu hizo shughuli ni ya nusu saa, naye nusu saa hakuwa nayo mwilini. Akainua kifuniko, akatoa visahani, akavibandua utepe, akaviweka chini ya hadubini.

Fuwele za kushoto, za damu yake, zilianza kuwa nyekundu pembeni. Wekundu ukatambaa kuingia ndani. Halafu moja ikapasuka. Ya pili. Zote.

Akajua alichofanya. Himoglobini ikishika oksijeni hubadili umbo, na ndani ya fuwele protini zimebanana kama watu kwenye benchi moja; wakigeuka wote kwa mpigo, benchi linavunjika. Yeye aliyewafundisha vijana wengi jambo hilo! Akashika kichwa. Kile kisahani cha kulia akaogopa hata kukitazama.

Akatazama. Zambarau, nzima, kingo kali kama wembe.

Akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Zambarau. Akazunguka meza mara tatu, akainama tena. Zambarau vilevile.

"Nani kafungua hiki?" Profesa alikuwa amesimama mlangoni.

"Mimi."

"Mama! Siku tisa!"

"Nigombeze baadaye. Njoo uone kwanza."

Profesa akainama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudia kushoto.

"Zimekaa hewani muda gani?"

"Dakika kumi na mbili."

"Na za kaka yako zimegoma?"

"Zimegoma. Hewa imezizunguka na hazikushika kitu. Si moyo, Profesa, ni damu!"

"Hizo ni tetesi. Daktari hasomi tetesi. Lete kile kitanzi cha uzi, tuzivue kabla hazijakauka."

Mashine ilifanya kazi mpaka jioni. Asubuhi ya Alhamisi picha ilikuwa tayari: kwenye kishimo cha protini, jirani na chembe ya chuma inayoshika oksijeni, kiungo kimoja kati ya vinavyoijenga kilikuwa kigeni, nacho kimeziba njia nusu. Daktari aliitazama muda mrefu, akauliza maswali sita, kisha akaifuta Ijumaa kwenye orodha yake.

Kiguu-na-Njia alipiga simu akishuka ngazi mbilimbili.

"Kwa hiyo mimi nina nini?" kaka aliuliza.

"Damu yako ni mvivu wa kushika hewa. Umezaliwa nayo."

"Dawa yake?"

"Sijui. Hata Profesa hajui."

"Lakini hawanipasui?"

"Hawakupasui."

 Kiguu-na-Njia akasikia upande wa pili randa ikianza tena kukwaruza ubao.