Kamba ya Miguuni

Asubuhi ya kumzika mke wake, Placide aliamka akiwaza kamba. Hakumwaza Georgette. Alijaribu, maana alijua ndiyo kazi ya mgane siku kama ile, lakini kila alipomleta akilini alimwona kwa mbali tu, kama mtu waliyepishana njiani bila kusalimiana. Jana yake, muuguzi alipomwambia kwamba basi, imekwisha, alijibu "asante" na kuuliza shuka za hospitali zirudishwe wapi. Habari ya zile shuka ilifika mtaani kabla yake. Tangu hapo moyo wake ulikuwa umenyamaza, haumuumi, haumwambii kitu, na yeye mwenyewe alijishangaa, kwa sababu alikuwa ameishi na mwanamke yule miaka ishirini na saba na hawakuwahi kulala wamenuniana zaidi ya siku mbili.

Kamba, hizo aliweza kuziwaza. Placide ndiye mtunza kamba za mazishi katika mtaa wake pale Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, kazi ambayo hakuna aliyemchagua kuifanya, na hakuna ambaye angethubutu kumnyang'anya. Akifa mtu, awe Mkatoliki au Mprotestanti, awe mzaliwa wa ziwani au aliyeteremka juzi kutoka milimani na ndama wake wawili waliobaki, watu huja kwa Placide kuazima bobini.

Bobini ni lile gurudumu kubwa la mbao ambalo mafundi wa mnara wa simu walikuja nalo likiwa limezungushiwa waya wao, wakaliacha kilimani walipomaliza. Watu walitaka kulipasua wapikie maharage. Placide, ambaye ni seremala, aliliteremsha kwa kulisukuma, akalikata likawa dogo la kubebwa na mtu mmoja, akaligawa kati kwa ubao ili lipate vyumba viwili, kisha akalifungia pedali ya baiskeli iwe mkono wa kuzungushia. Chumba cha upande wa kulia hulala kamba ya kichwani, cha kushoto kamba ya miguuni. Kila kamba ina alama nyekundu kuanzia katikati yake kwenda kila upande, zikiachana urefu wa mkono mmoja. Kaburini, wanaume wanne hushika ncha nne. Placide husimama kwa juu na kuita: moja, mbili, tatu. Kila akiita, kila mmoja huachia kamba mpaka alama inayofuata ifike kiganjani, basi. Sanduku hushuka limelala sawa.

Zamani haikuwa hivyo. Watu walishusha maiti kwa kamba yoyote iliyopatikana, ya mbuzi au ya mtumbwi. Siku aliyozikwa mama yake Georgette, kamba za kuazima zilijisokota, upande wa kichwa ukatangulia, sanduku likasimama wima ndani ya shimo, na watu wote wakasikia kilichomo kikiteleza. Georgette aliusikia mlio ule miaka yote iliyofuata. Kuna mara alikuwa akisonga ugali anausimamisha mwiko ghafla, na Placide anajua anasikia nini. Yeye ndiye aliyemwambia mumewe atengeneze kitu. Bobini ilipokamilika aliizungusha mara moja kuijaribu, akasema, "Siku yangu, usiache niende kichwa mbele sawa na mama." Placide alicheka, akasema sawa.

Kwa hiyo hilo ndilo lilikuwa jambo pekee lililomkaa kichwani asubuhi ile. Georgette ashuke sawa. Mengine yote, turubai lililofungwa uani, wali uliokuwa ukipikwa na majirani, binti yake Chérie aliyekuja toka Uvira na macho yamevimba, aliyaona yakipita mbele yake kama mambo ya kilio cha nyumba nyingine.

Akaenda nyuma ya nyumba, akaitoa bobini, akazifungua kamba zote mbili juu ya majani, kama afanyavyo kabla ya kila mazishi. Ya kichwani ilikuwa nzima. Ya miguuni ilikuwa imepungua. Aliipima mara ya pili kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na ikawa vilevile: mikono mitatu imepotea. Ncha moja ilikatwa kwa kisu na kuachwa imechanuka, wala si kuchomwa moto kama yeye anavyochoma ncha zake. Na kamba ikikatwa upande mmoja, katikati yake inahama, na alama zote zinaanza kudanganya. Anayeshika ncha hii atasoma mbili wakati mwenzake yuko tano.

Hapo lazima isemwe kwamba Placide ni mtu mpole, ila kwa kamba zile hana utani. Korali iliwahi kuzichukua kufungia vipaza sauti, naye akamnunia mchungaji miezi miwili. Basi akainuka na kamba mkononi, akaingia nayo uani, katikati ya kina mama waliokaa mikekani.

"Nani alikata hii kamba?"

Kilio kikakatika. Wanawake wakatazamana. Fanny, mdogo wake marehemu aliyezoea kumwita yaya, yaani dada mkubwa, aliyekuwa ameketi karibu na sanduku mlangoni, akasimama akiwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Papa Chérie, weka hiyo kamba chini. Batu bako nakuangalia."

"Mi nauliza nani aliikata."

"Njo we ulikata."

"Mi?"

"We. Ile asubui ya mvua, siku tulipeleka yaya yangu ku hospitali. Pikipiki ilikwama mu matope, tukamubeba na kitanda. Ulikata kamba na kisu, ukafunga kitanda ku miti. Na mi nilikuwa nashika miguu yake. Ulisahabu?"

Placide aliitazama ile ncha iliyochanuka. Matope aliyakumbuka. Kitanda alikikumbuka, na namna Georgette alivyokuwa akiomba radhi njia nzima kwa wanaume waliombeba, eti ni mzito. Kisu hakukikumbuka hata kidogo. Ingekuwa mtu mwingine kaikata angalau angepata wa kumkasirikia.

"Kipande yake iko wapi?" akauliza.

Fanny akaweka kiganja juu ya kifuniko. "Yaya yangu iko mu sanduku," akasema kwa sauti ya chini, "na we uko natafuta kipande ya kamba. Hata kulia haulie."

"Machozi haitoke, shemeki."

Alilisema kama taarifa, hakujitetea. Lakini Fanny alikuwa na hasira tangu jana, kwa ajili ya zile shuka, na hasira ya mfiwa hutafuta pa kutua. "Basi sikia. Leo hautaita. Shemasi Casimir njo ataita. Mwanaume haite kamba ya muke yake, batu batasema uko namufukuza ku nyumba. Utakaa ku kiti sawa na bafiwa bengine."

Desturi hiyo Placide aliijua kuliko yeye. Ndiye aliyewahi kuwaketisha wagane wengine, kwa upole, akiwashika bega: kaa mzee, sauti yako isiwe ya kumteremsha. Akarudi na kamba yake nyuma ya nyumba.

Akatafuta rangi. Nyekundu ilikuwa imekaukia koponi, ikabaki bulu kidogo iliyosalia alipopaka madawati ya shule. Alikuwa anahangaika kuikunja kamba apate katikati mpya, na upepo unaivuta, ndipo Kamanzi alipotokea upande wa jikoni. Kamanzi ni jirani yake, mtu wa Bibokoboko kule milimani, alihamia mtaani miaka minne iliyopita baada ya ng'ombe wake kuchukuliwa. Hakusema pole, alikwishaisema jana. Aliuliza tu, "Nashika wapi?"

Wakafanya kazi. Kamanzi anavuta, Placide anapima, anapaka, anasogea. Alama za bulu zikaingia katikati ya zile nyekundu zilizodanganya, na Placide hakuwa na namna ya kuzifuta. Kwa saa nzima ile alikuwa karibu na kuwa mzima. Kisha kazi ikaisha, akaosha mikono, na ule ukimya ndani yake ukarudi pale pale.

Kabla ya kutoka akamshika Casimir kando. Casimir ni shemasi, ana sauti ya kufika ng'ambo, na hajawahi kuita kamba hata siku moja, kwa sababu Placide hakuwahi kumfundisha mtu. Ni kosa lake hilo, aliona fahari kuwa peke yake.

"Ya kichwa, nyekundu. Ya miguu, bulu. Ku miguu, nyekundu bote basiangalie."

"Ndiyo, Papa Chérie. Usihangaike," Casimir akasema, akitikisa kichwa kama watu wanavyowatikisia wafiwa, bila kusikia.

Makaburi yako juu kidogo, kando ya barabara iendayo Fizi. Placide aliketishwa kwenye kiti cha plastiki, Chérie kulia, Fanny kushoto. Mchungaji akasoma, korali ikaimba. Placide alikuwa akizitazama ncha nne. Kichwani walikuwa vijana wawili wa kanisa, miguuni Kamanzi na mwashi mmoja aitwaye Bertin. Alijaribu kumtazama Bertin machoni amwonyeshe rangi kwa kidole, lakini Bertin alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima.

Sanduku likainuliwa, likaletwa juu ya shimo.

"Moja," Casimir akaita.

Likashuka sawa.

"Mbili."

Kamanzi aliachia mpaka bulu. Bertin aliachia mpaka nyekundu, na nyekundu yake ilikuwa mbali. Kona moja ya miguuni ikaporomoka, sanduku likalala ubavu, vijana wa kichwani wakayumba, na ndani kukasikika kitu kikisogea. Kidogo tu. Lakini uwanja mzima ulisikia, na Fanny, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na sita siku ile ya mama yao, alimdaka Placide mkono kwa nguvu zote bila kujua anamshika nani.

Placide akasimama. Mkono wa Fanny ukamng'ang'ania koti, kisha ukamwachia.

"Simameni vile," akasema. Akasogea mpaka ukingoni, mahali pake pa siku zote. "Bertin, angalia bulu. Rudisha. Tena. Hapo. Kamanzi, ngoja ye. Ba kichwa, musitikisike."

Sanduku likajinyoosha.

"Tatu," akaita.

Sauti yake ilikuwa ileile aliyowaitia watu wote wa mtaa. Baadaye wangekuwepo wa kusema kwamba alimteremsha mkewe kama anayeteremsha gunia la mihogo, na wasingekuwa waongo, kwa maana alichokuwa akikisikia ni hesabu tu. Nne. Kamba zinapita viganjani pamoja. Tano. Kivuli kimeshafunika msalaba wa kifuniko. Sita. Hakuna upande uliotangulia, kichwa na miguu vimekwenda kwa hatua moja, na sanduku likagusa chini mara moja, pande zote, kwa kishindo kidogo cha udongo. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizopata kufanya. Georgette alishuka sawa.

Likabaki neno moja. Sanduku likifika, mwita kamba husema "achia", wawili wa upande mmoja huachia, na wenzao wa upande wa pili huvuta kamba zikatoka chini. Baada ya hapo ni udongo. Neno lile Placide alilitamka makaburini pale mara zisizohesabika, bila hata kulifikiria.

Watu wakangoja. Wenye makoleo wakashika makoleo.

Placide akavuta pumzi ili aite. Akatazama chini shimoni, akaliona sanduku alilolipiga randa kwa mikono yake jana mchana, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali alielewa aliyekuwa ndani.

"Bado," akasema.

Casimir akachungulia. Kamba zilikuwa zimelegea, hazibebi kitu. "Papa Chérie," akanong'ona, "ilisha kufika."

"Bado. Georgette hayafika."

Mchungaji akafunga kitabu chake. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Bertin akamtazama Kamanzi aambiwe la kufanya, na Kamanzi hakuondoa macho yake kwa Placide, ambaye sasa mashavu yote yalikuwa yamelowa, na mikono imening'inia, na kinywa kinarudia neno lilelile bila sauti.

Fanny akainuka kutoka kitini. Alipita mbele ya watu wote, akasimama kando ya shemeji yake, bega kwa bega, akawatazama wale wanaume wanne.

"Mushikilie," akawaambia. "Alisema hayafika."

Wakazikaza tena kamba viganjani, wakakunja magoti kidogo kama watu waliobeba kitu kizito, wakaendelea kushikilia.