Koti la Sufu la Mahdad

Majani yalipokwisha kukatwa, Windad alipita kwa mama yake kuomba nguo kuukuu, kama alivyofanya kila mwaka. Kazi yake ilikuwa kufundisha farasi wa vita wa bwana wa ngome, wale wanaovishwa deraya ya chuma kuanzia paji la uso hadi magotini. Farasi, tuseme ukweli, hapendi kumkanyaga mtu. Sharti azoeshwe kwa sanamu ya majani makavu iliyovishwa nguo yenye jasho. Ukiivika nguo mpya, anajua anachezewa shere.

“Chukua koti la Mahdad,” mama alisema. “Jeshini wamempa jingine.”

Mahdad alikuwa mdogo wake Windad, mkulima wa shayiri, aliyechukuliwa majuzi kwenda kubeba ngao mstari wa mbele. Windad alilibeba koti bila kujiuliza. Siku ya nne farasi mwekundu, mkaidi kuliko wote, alilikanyaga, na Windad akasifiwa.

Vita vilipiganwa kando ya mto. Askari wa miguu walisita, wakaziba njia, na bwana akaamuru wapanda farasi wapite hapohapo. Farasi wote walipinda shingo isipokuwa yule mwekundu, aliyemtambua Mahdad kwa harufu. Alimkanyaga hadi akafa, na wengine wakamfuata.

Alfajiri ya nne ya msiba, saa ambayo roho huaga, sanamu yenye koti lake iliinuka katika uwanja wa mafunzo, ikajipangusa vumbi, ikaenda nyumbani. Mama alimkuta Mahdad jikoni akiomba maziwa mgando.

“Umekonda, mwanangu.”

“Nimejaa majani matupu, mama. Nitanenepea wapi?”

Mama alicheka, akatafuta sindano, akamshona begani palipofumuka. Majirani walikuja kumsalimu, wakamuuliza kama shayiri ya ng'ambo ya mto imeiva. Windad alikaa pembeni. Alijuta, tena alijuta vibaya, hata akashindwa kumtazama nduguye machoni, ingawa penye macho palikuwa na mafundo mawili tu ya kamba.

Kisha ikaja amri ya farasi kumi wapya kabla ya sikukuu ya Mihragan. Windad alisema kazi hiyo ameiacha. Msimamizi wa mazizi hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba asiyefundisha farasi atabeba ngao, akaenda zake.

Kesho yake Windad alimtoa farasi mpya wa kwanza uwanjani, na Mahdad akamfuata na kulala chali mahali pake pa zamani.

“We mpitishe tu juu yangu, kaka. Mimi sisikii kitu siku hizi. Na wewe ukienda, mama atabaki na nani?”

“Nisamehe, mdogo wangu.”

“Nilishakusamehe zamani. Ila huyu mfundishe kuruka. Akikuta watu wamesimama, awaruke.”

Windad alimshika shingo yule farasi mpya. Siku ya vita atavikwa chuma cha uzito wa watu wawili, na juu yake aketi mtu aliyevaa chuma vilevile. Farasi wa namna hiyo haruki hata kizingiti. Mahdad alikuwa mtu wa shayiri, hakuwa na habari na mambo hayo.

“Nitamfundisha,” Windad alisema, akaachia hatamu.