Vikopo Vilivyokataa Kuoza

Kiwandani walimwita Mama Taratibu, kwa kuwa tangu afiwe na mumewe hakuna aliyemwona akiharakisha kitu. Mashine yake ilitoa vikopo vya miche, vya plastiki ya wanga, ile ya kuozea udongoni ili mizizi ipite.

Aliharakisha siku moja tu, akiwahi dua ya marehemu mumewe. Alipandisha kasi, plastiki ya moto ikaingia mbio mbio kwenye kalibu ya kuvipa umbo. Vikopo vikatoka vyeupe, vigumu kuliko vya kila siku. Akavigonga kwa ukucha, akavipenda, akavipakia.

Miezi mitano baadaye mwenye kitalu alivirudisha. Miche ilikuwa imekufa, mizizi imejizungusha ndani kama uzi, na vikopo vizima vile vile. Msimamizi akamlaumu mchanganyaji, mzee waliyemwita Babu Chenga, kwamba alipunja wanga. Akapewa hadi Ijumaa ajieleze, la sivyo aende zake.

Jumatatu fundi wa maabara hakukubaliana na msimamizi. Alieleza kwamba plastiki hiyo ikisukumwa kwa nguvu, nyuzi zake hunyooka na kujipanga, kisha huganda zikiwa zimeshikana, maji yasipate pa kupenya. Akauliza kama kuna aliyeongeza kasi.

“Kasi yangu si mnaijua,” alisema Mama Taratibu. Wote wakacheka, hata Babu Chenga.

Kuanzia hapo kila akisali maneno yalimkwama. Na mzee, aliyekuwa akila naye meza moja, alikuwa akimuuliza yale yale: labda alipima nusu akadhani kamaliza? Labda kichwa kimeanza kuchakaa?

Alhamisi, wakiwa mezani, alimsogezea mzee chumvi, kisha akasema:

“Wanga wako ulikuwa sawa, Babu. Ni mimi niliyekimbiza mashine.”

Mzee aliweka kijiko chini. “Umejua lini?”

“Jumatatu.”

“Siku tatu, mwanangu, nakuuliza kama nina akili timamu. Na wewe unanipa chumvi.”

Walikwenda pamoja kwa msimamizi. Mzee akabaki na kazi yake, Mama Taratibu akaondolewa kwenye mashine, akawekwa kufunga maboksi, mkabala na mizani ya wanga.

Babu Chenga humwitikia salamu, na siku nyingine humtania. Lakini sasa hupima wanga mara tatu, kisha humwita mtu aje amhakikishie. Asipokuwapo mwingine humwita Mama Taratibu. Naye huinuka, husoma namba, humwambia, “Ni sawa, Babu.” Mzee humtazama kidogo, halafu hupima tena.