Fundi Dirisha

Injini ya kwanza ambayo Fundi Felisiani aliliundia gari la Nelson ilipasuka ubavuni kwenye mlima wa kutoka Mang'ola, mbele ya watu wote waliokuja kuangalia mashindano. Konrodi, ule mkono unaobeba pistoni, ilikatika, ikatoboa bloku ya injini, ikatokeza nje kusalimia wananchi. Tundu lililobaki lilikuwa pana kiasi kwamba ungeweza kupitisha mkono ukaombe chumvi upande wa pili. Kabla gari halijavutwa kufika Karatu, bodaboda wa stendi walishampa fundi jina jipya: Dirisha.

Mimi sikulianzisha jina hilo. Mimi Brigita ni fundi umeme hapo hapo gereji kwake, kazi yangu ni kusambaza tu.

Ila baada ya wiki kadhaa nikaacha, maana halikuwa linachekesha tena. Magari ya watalii ambayo Felisiani ameyafufua hayana idadi, Landkruza zilizotoka kreta zikiwa zimelegea kama ugali wa jana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita Fundi Kreta. Lakini injini moja tu ikatoboka, basi: wateja wanafika getini, wanauliza kwanza kama kazi ataifanya yeye au mtu mwingine. Mzee wa watu akaanza kula chakula cha mchana ameangalia ukuta.

Nelson ndiye aliyemrudishia roho. Nelson ni dereva wa watalii, na siku asizobeba wageni anaendesha kile kigari chake chekundu cha michezo, kifupi kama mende, chenye turbo inayopiga mluzi mpaka ng'ombe wanageuka.

"Fundi, nakupa mara ya pili," alisema, "na ndiyo ya mwisho. Niundie injini yenye nguvu kuliko ile. Ikigonga hata kidogo, gari linapanda lori kwenda Arusha, na wewe na mimi tutabaki kusalimiana kanisani."

"Ikigonga hii," Felisiani akamjibu, "sifungui injini ya mtu tena. Nitaziba pancha."

Mkewe, Mama Vumilia, anayeuza chai na maandazi chini ya bati letu, akanong'ona: "Na pancha zenyewe anazichukia." Alikuwa hatanii. Mimi ndiye mtaniaji hapa, namjua anayetania.

Basi kazi ikaanza. Ngoja nieleze kidogo, mtu asiachwe njiani. Turbo inashindilia hewa ndani ya silinda, na ukitaka nguvu zaidi unashindilia zaidi. Sasa pistoni za kawaida, zile za kumiminwa kwenye kalibu, zikishindiliwa sana zinakata tamaa. Felisiani akaagiza pistoni za kufuliwa, zilizogandamizwa mpaka zikashikamana, na konrodi nene kama paja la mbuzi. Bloku nyingine akaipeleka Arusha kuchongwa, ikarudi inang'aa.

"Unaona, Brigita," akaniambia, ameshika pistoni moja kama mtu aliyeshika yai, "hizi zikipata moto zinavimba kuliko za kawaida. Kwa hiyo unaziachia nafasi kwenye silinda. Ukizibana, zinakwama."

"Kama Nelson na ile suti ya harusi ya dada yake."

"Kama Nelson na ile suti," akakubali, na kwa mara ya kwanza tangu lile tundu nikamwona anacheka.

Vumbi la Karatu unalijua, jekundu, linaingia hata kwenye mawazo. Felisiani akakifunika chumba cha nyuma kwa mashuka ya Mama Vumilia, sakafu akainyunyizia maji, na viatu marufuku. Nilivua viatu mlangoni kama naingia msikitini, na mimi ni Mkatoliki kutoka Mbulu. Kila boliti aliikaza kwa spana ya kupimia, akasita, akapumua, akaipima tena. Sikuwahi kumwona akifanya kazi taratibu namna ile. Mikono ilikuwa inamwogopa yeye mwenyewe.

Siku ya kufunga mabomba ya maji, akachomoa thamostati. Ni kidude kama kizibo chenye springi. Kazi yake ni kuyazuia maji yasizunguke kwenda kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Akakitupa kwenye kopo la maziwa ya unga, kikalia *kling!* juu ya wenzake. Kopo lilikuwa limejaa thamostati za miaka yote.

Wala hakuna aliyeshtuka. Hapa kwetu ndivyo tulivyofundishwa, na aliyetufundisha alifundishwa hivyo. Gari linapanda kutoka kreta na wageni saba, mabegi yao na friji ya vinywaji, likianza kuchemsha njiani kizibo ndicho cha kwanza kulaumiwa. Toa, maji yazunguke muda wote, nenda zako. Mimi mwenyewe nilisema, "Safi, Fundi, mpe hewa." Nitake nisitake, nilisema.

Tukaiwasha injini asubuhi ya Julai, ukungu umelala mpaka kwenye vioo, mafundi wa gereji jirani wameacha kazi zao waje kushuhudia. Nelson alikuwa amevaa sweta mbili. Felisiani akanipa ishara, nikageuza ufunguo.

Ikawaka mara moja. Na mara moja ikaanza kugonga.

*Ko-ko-ko-ko-ko.*

Nyuma yangu mtu akasema taratibu, "Dirisha la pili hilo." Hakuna aliyecheka.

"Ni baridi tu," Felisiani akasema. "Itapoa. Yaani, itapata moto, itanyamaza."

Tukaipeleka Rhotia na kurudi, mwendo wa maharusi, kuizoesha. Ikaenda inagonga, ikarudi inagonga, na nyuma inatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umelala chini kabisa, haukunyanyuka hata kidogo.

Nelson akazima gari, akashuka, akafunga mlango polepole. Heri angeubamiza.

"Fundi. Tulikubaliana nini?"

 Felisiani alikuwa ameinama, mpini wa bisibisi sikioni, ncha kwenye bloku, anasikiliza. "Labda ni beringi," akasema hatimaye. "Nikifungua nitajua."

"Ukifungua, Jumamosi hatushindani."

"Najua."

"Basi usifungue. Nampigia simu mtu wa lori." Nelson akanigeukia mimi, hasira zikitafuta pa kukaa. "Na wewe, fundi umeme! Hata geji yako imekufa. Tumezunguka asubuhi nzima mshale umelala kama mlinzi."

Hapo sasa akanigusa. Mimi nitaniwe mengine yote, kazi yangu usiitanie. Nikafungua boneti, nikashika lile bomba la juu linalopeleka maji kwenye rejeta. Kwa injini iliyotembea vile lilipaswa kuniunguza. Lilikuwa vuguvugu, kama chai ya mgonjwa.

"Geji yangu nzima," nikasema. "Inasema kweli. Injini yako ndiyo ya baridi."

"Imetembea mpaka Rhotia na kurudi!"

"Na bado ni ya baridi. Ndiyo maana inatoa moshi pia. Kompyuta ya gari inasoma baridi, inafikiri ndiyo kwanza tumeamka, inaimwagia mafuta mengi. Njoo ushike mwenyewe, kaka, haing'ati."

Akashika.  Mimi nikawa nimeshamkumbuka mjomba wangu Thomasi, dereva wa lori la mahitaji ya hoteli za ukingoni mwa kreta. Kule juu asubuhi za miezi hii, mjomba huweka katoni mbele ya rejeta ili gari lipate joto. Nikaenda kwa Mama Vumilia, nikamnyang'anya katoni ya mafuta ya kula, nikaipachika mbele ya rejeta.

"Sasa unalivalisha sweta?" Nelson akauliza.

"Moja tu. Wewe umevaa mbili."

Nikawasha. *Ko-ko-ko-ko.* Tukasubiri. Ukungu ukaanza kuachia mashamba ya ngano upande wa pili wa barabara. Mshale ukatikisika, ukanyanyuka kidogo, ukapanda. *Ko-ko... ko...* Felisiani alikuwa amerudisha bisibisi sikioni, macho amefumba, na nikaona midomo yake inahesabu pistoni moja moja zinavyonyamaza. Ya kwanza. Ya tatu. Ya pili. Ikabaki moja yenye kiburi, halafu nayo ikatulia. Ukabaki mngurumo tu, mzito na laini, kama simba aliyeshiba.

"Zimevimba," Felisiani akasema. Akajinyoosha. "Zimevimba, zimejaza nafasi yake. Hakuna kitu kimekufa humu. Niliziachia nafasi ya kupata moto, halafu moto wenyewe nikaunyima." Akageuka kuliangalia kopo la maziwa. "Mimi mwenyewe. Kwa mkono huu."

Kizibo cha kwetu, kilichotakiwa kurudi kwenye injini, kilikuwa kati ya vile vidogo, lakini vidogo vilikuwa vingi na vyote vimechafuka. Ikabidi vipimwe: unakitumbukiza kwenye maji ya moto, kizima kinafunguka, kibovu kinakuangalia tu. Nikaenda tena kwa Mama Vumilia.

"Sufuria yangu ya chai?"

"Tunachemsha supu ya vyuma, mama."

"Mkimaliza mnaniletea mpya!"

Tukasimama kuizunguka ile sufuria, mafundi wa gereji mbili na Nelson na sweta zake, kama watu wanaosubiri kuku wa Krismasi. Kizibo cha kwanza kikagoma. Cha pili kikagoma. Kilichofuata kikafunua mdomo wake taratibu, na watu wazima wakapiga makofi. Mama Vumilia mwenyewe akasema, "Heee, kumbe kinapumua," akasahau habari ya sufuria mpya.

Nelson akarudisha simu mfukoni. "Jumamosi," akasema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake lote.

Jumamosi Felisiani hakukaa mwisho wa mbio pamoja na wenye magari. Aliniambia nimfuate, tukapanda mpaka kwenye kona ile ile injini ya kwanza ilipotoboka. Bado kulikuwa na doa la oili kwenye jiwe. Vibarua wa mashamba ya vitunguu walikuwa wamekaa ukingoni na mihogo yao ya kuchoma, na mmoja akamtambua. "Dirisha huyo! Umekuja kuangalia kaburi?"

"Nimekuja kusikiliza," Felisiani akasema.

Tukaanza kuusikia ule mluzi kutoka bondeni. Ukapotea nyuma ya kilima, ukarudi ukiwa karibu. Kadiri unavyopanda kutoka Mang'ola hewa inakuwa nyepesi, magari mengine yanaanza kuhema. Kichekesho cha turbo ni kwamba hewa ikipungua yenyewe inaitafuta kwa bidii zaidi, na injini ndiyo inayolipa. Hapo hapo ndipo ya kwanza ilipolipa. Felisiani akanishika mkono. Sijui kama alijua ameushika. Niliondoka na alama za vidole.

Kigari chekundu kikaibuka, kikaingia kona kwa ubavu, kikatumwagia vumbi, na Nelson akakanyaga mafuta mbele yetu kabisa, kwa makusudi, chalii mtundu yule. Injini ikaunguruma. Sauti ilikuwa moja, safi, haina *ko* hata ya dawa. Ikapanda, ikapanda, ikatokomea juu.

"Pistoni ya pili iko sawa," Felisiani akasema. "Hata ya tatu." Kisha akakaa kwenye lile jiwe lenye doa, na yule kibarua akampa kipande cha muhogo.

Nelson alishika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa kijana wa Arusha, na tulimtafutia visingizio vyote mpaka vikaisha. Lakini Nelson hakuwa na habari na kombe. Alifungua boneti mbele ya watu, akaiacha wazi, kila mwenye mdomo aje aangalie. Hakukuwa na tone la oili nje.

"Fundi, ina nguvu zaidi ya hizi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naizuia. Wiki ijayo tuongeze."

Bodaboda wanaendelea kumwita Dirisha, wale hawana dawa. Tofauti ni kwamba sasa anaitika.

Juzi hapa mfugaji mmoja, Sankale, akaingia getini na pikapu yake kutoka Loliondo, mbuzi wawili nyuma, akauliza, "Namtafuta Dirisha, yule wa injini."

"Ni mimi," Felisiani akajibu, anafuta mikono. "Tatizo nini?"

"Inakula mafuta sana. Na asubuhi kule kwetu haipati joto kabisa."

Felisiani akanitupia jicho. Mimi nikaangalia mbuzi.

"Thamostati ipo?"

"Haipo," Sankale akasema. "Uliitoa wewe mwenyewe, mwaka juzi."

Felisiani akakuna kichwa, akacheka, akaenda kulivuta kopo la maziwa kutoka chini ya meza. Nami nikaenda kumwomba Mama Vumilia sufuria.