Chumba cha Mama Mkwe

Mwalimu wa fasihi alikuwa akisoma na darasa lake riwaya nene ya Kiingereza, ya zama za Malkia Victoria. Ndani yake mlikuwa na shangazi aliyepewa chumba cha nyuma katika jumba la kaka yake tajiri. Kadiri kurasa zilivyokwenda ndivyo alivyosinyaa, hadi akawa anaomba radhi hata akikohoa.

"Tazameni kuta," mwalimu aliwaambia wanafunzi. "Mwandishi hasemi shangazi ana huzuni. Anasema dirisha lake linatazama ukuta."

Maneno hayo yalipomtoka tu, akamkumbuka mama mkwe wake, na somo likamponyoka.

Mama mkwe alihamia kwao baada ya kuvunjika nyonga. Walimpa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo, akakaa humo na cherehani chake. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Tangu aje, alikuwa mtu wa maneno machache: akishakula anashukuru, anajikongoja hadi chumbani, anafunga mlango.

Jioni ile mwalimu akamwambia mumewe, fundi wa majokofu, "Mama tumemtupa nyuma kama ndoo iliyotoboka."

"Mbona hajalalamika?"

"Shangazi wa kwenye kitabu naye hakulalamika."

"Kumbe nyumba hii siku hizi inaendeshwa na kitabu," mume akasema, lakini tayari alishaanza kukunja godoro.

Wakamhamishia sebuleni, kwenye kona yenye mwanga, dirisha la barabarani, na pazia la kumsitiri. Bibi akasema, "Haya, asanteni wanangu," kwa sauti ileile aliyowashukuria wauguzi hospitalini.

Mwalimu akangoja achangamke. Wapi. Bibi alishinda amekaa wima, mtandio kichwani tangu asubuhi, asije mgeni akamkuta vibaya. Wajukuu wakiwasha televisheni, anasema haimsumbui. Siku moja akakohoa ndani ya kiganja, akasema, "Samahani." Mwalimu, aliyekuwa akimenya viazi, akaweka kisu chini.

"Mama, niambie kweli. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Kwenu ni pazuri."

"Kwetu?"

Bibi akatabasamu. "Basi, kwetu. Sikiliza. Nikiwa msichana nililala kitanda kimoja na dada zangu. Nikaolewa, nikalala na mume na watoto, na mawifi nyuma ya pazia. Hata kulia nililia jikoni, nikisingizia kitunguu. Mlango wa kujifungia mwenyewe nimeupata uzeeni, humo stoo kwenu. Nikishafunga, naimba, nashona ninachotaka, nagombana na marehemu baba yenu mpaka namshinda. Sasa hapa nitamgombezaje mbele ya wageni?"

"Na mimi nilidhani tumekufungia."

"Anayefungiwa ni yule ambaye komeo lake liko nje. Langu liko ndani."

"Mbona hukusema, mama?"

"Mlibeba kitanda kwa furaha sana. Nikasema penye nia pana njia, hata kama njia yenyewe si yangu."

Mwalimu aliona haya, kisha kicheko kikamshinda, na bibi naye akacheka mpaka akashika nyonga.

Jumamosi mume akakibeba kitanda tena kukirudisha stoo, akinung'unika kwamba mgongo wake haukusomea fasihi. Akafunga na balbu yenye nguvu zaidi juu ya cherehani. Tangu hapo bibi akawa anakaa mezani muda mrefu baada ya chakula, akiwatania wajukuu na kumsahihisha mwanawe, na akichoka anaaga bila kumshukuru mtu.

Alasiri moja mwalimu alirudi kutoka kazini kichwa kikimgonga, nyumba imejaa kelele za watoto. Akaenda kugonga mlango wa nyuma.

"Nani?"

"Mimi, mama. Naomba nikae humo kidogo."

"Subiri nimalize."

Mwalimu akasimama koridoni, mkoba mkononi, akisikiliza cherehani. Kilipotulia, komeo likavutwa, na bibi akamsogezea kiti.

"Kaa," akasema. "Lakini usinisemeshe."