Kipimo cha Pili

Mwanamume aliyehamia ukweni hana pa kutemea mate. Ndivyo walivyosema watu wa Misigiri kila Emilian alipopita na jembe begani, na walisema kwa sauti ya kusikika, maana walijua hana ubavu wa kujibu. Ndugu zake wa Iguguno waligawana shamba la baba yao wakati yeye yuko Nzega anauza mitumba. Aliporudi akakuta hata kichuguu kina mwenyewe. Mkewe, Klara, ndiye aliyesema twende kwetu. Mzee Melkiori, baba yake Klara, akawapa ekari tatu bondeni na kiwanja cha nyumba, na hakusema neno la kuchoma. Miaka tisa ikapita, watoto wakawa watatu, wa kwanza Janeth, na Emilian bado akaitwa mgeni.

Kwa hiyo siku mzee alipomwita kwenye meza yake nyuma ya nyumba na kumwonyesha kiti, Emilian alikalia ukingo tu, kwa woga wa furaha.

"Macho yangu yamechoka, Baba Janeth," mzee alisema. "Ng'ambo ya bonde naona mbuzi na kamba yake. Kiganjani sioni kitu. Nataka macho yako."

Melkiori alikuwa fundi wa bunduki kwenye kambi za wawindaji kwa miaka ishirini na nane. Kambi zilipofungwa, mzungu wa mwisho alimwachia mashine ndogo ya mkono ya kutengenezea risasi, mizani, na makopo ya baruti. Bunduki ilikuwa yake, ya halali, na kibali chake kilikaa ndani ya Biblia. Kibali cha kutengeneza risasi nyumbani hakuwa nacho, na hakuna aliyewahi kumwuliza, kwa sababu bunduki hiyo ndiyo iliyokuwa ikifukuza nguruwe pori kwenye viazi na mahindi ya bonde zima. Watu wana macho ya kuchagua. Kinachowalisha hawakikagui.

Kazi yenyewe ilionekana rahisi kwa anayetazama. Risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba halitupwi. Linasafishwa, linanyooshwa kwenye mashine, linatiwa fataki mpya kwenye kitako, linajazwa kipimo cha baruti, kisha kichwa cha risasi kinakandamizwa juu yake. Emilian alidhani atajua kwa siku moja. Ilimchukua wiki tatu kushika mpini wa mashine bila kuambiwa aachie. Alipinda maganda, aliponda fataki, na siku moja mzee alimrudisha nyumbani kwa sababu alikuja ananuka sigara.

"Hapa hatupiki pombe," mzee alimwambia. "Pombe ikiharibika unamwaga, unapika nyingine."

Meza ile ilikuwa na sheria zake. Hapakuwa na salamu pale. Aliyekuja kumwamkia mzee alisimama kando mpaka mzee ainue mkono. Hapakuwa na simu. Na sheria iliyozipita zote ilikuwa hii: ukiinuka, mwaga. Maganda yalipangwa kwenye ubao wenye matundu thelathini, ukijaza moja baada ya jingine. Ukiitwa, ukikohoa sana, mvua ikikukimbiza, unarudi unamwaga baruti yote kwenye kopo na kuanza upya.

"Hata kama nimebakiza ganda moja, baba?"

"Hata moja. Baruti haina kumbukumbu, na wewe huna."

Sheria hiyo ilikuwa na maana zaidi kwa mzee kuliko kwa fundi mwingine. Kwa kuwa makopo yalikuwa yanakwisha, alikuwa akijaza kipimo kidogo, cha kumtosha nguruwe wa karibu. Ganda lilibaki na nafasi kubwa ndani. Lingeweza kumeza kipimo cha pili, likafunikwa kichwa chake, na mtu asione tofauti kwa nje, mpaka bunduki impasukie mkononi.

Miezi miwili ilipokwisha, mzee alichukua risasi ya kwanza ya Emilian, akaenda nayo bondeni, akaipiga kwenye kisiki. Alirudi na ganda mkononi.

"Imetoka," alisema.

Neno hilo moja Emilian alilala nalo wiki nzima. Alimsimulia Klara, akamsimulia Janeth, na nina hakika alikisimulia hata kisiki. Kidogo kidogo wanaume wa kijiji wakaanza kumsogezea kigoda kilabuni, kwa sababu mzee alikuwa ametamka mbele za watu kwamba siku zake zikiisha, bunduki na meza vitakuwa chini ya mkwe, kwa kibali cha mkwe mwenyewe. Mgeni alikuwa anaota mizizi.

Sasa kuna jambo la mama mkwe. Katika nyumba ile Emilian na mama mkwe wake, Evodia, walishika desturi ya wazee bila kupunguza. Hawakutazamana. Mama akitokea huku, Emilian aliondokea kule. Wakikutana kwenye njia ya kisimani, mama aliacha njia na kugeuka mgongo, naye Emilian alipita ameinamisha kichwa. La kusemwa lilipitia kwa Klara. Miaka tisa, na hakuwa ameuona uso wa mama yule kwa utulivu hata mara moja. Hakuna aliyeona ubaya. Heshima yao ilikuwa hiyo, na Emilian aliishikilia kuliko wenyeji, kama mtu wa kuja anavyopaswa.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne Evodia alikwenda kwenye sala za jumuiya, na ilijulikana kuwa atarudi jioni. Emilian alikuwa mezani, ubao mbele yake, kwenye mstari wa mwisho wa matundu. Mzee aliketi pembeni anasikiliza mkono wake unavyokwenda. Mvua ikavunja jumuiya. Evodia akaingia uani ghafla, amelowa, kanga imegandamana mwilini.

Emilian aliruka kutoka kwenye kiti. Haikuwa akili iliyomwinua, miguu ilikwishafunzwa. Alikwenda kusimama nyuma ya ghala, uso ukutani, mpaka aliposikia mzee amempeleka mkewe ndani na kumtafutia nguo kavu. Baadaye Evodia alikaa chini karibu na mlango, ndani, mgongo kwa uani, akaanza kuchambua maharage. Emilian akarudi mezani.

Faneli ya kumiminia baruti ilikuwa juu ya ganda la ishirini na sita. Je, alikuwa amelijaza kabla ya kuruka, au alikuwa ndiyo anataka kulijaza? Kipimo mkononi mwake kilikuwa tupu, lakini chembe zilikuwa zimetapakaa mezani, huenda kilimwagika aliporuka. Alichungulia ndani ya ganda. Mawingu yalikuwa mazito na ndani ya shaba mlikuwa na kiza. Alijua la kufanya. Lakini baruti ikimwagwa kwenye kopo la bati hupiga kelele ya kokoto, na mama alikuwa hatua nne kutoka pale. Angesikia, angejua kwamba kuja kwake kumeharibu kazi ya siku nzima. Emilian aliona ni sawa na kumwambia mama wa watu kwamba ameingia na mkosi kwenye uwanja wake mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Nyingine ilikuwa uvivu, na hiyo hakujipa.

Akatia kipimo kwenye ganda la ishirini na sita, akaendelea mpaka la thelathini.

"Umemwaga?" sauti ya mzee ilitoka chumbani.

"Nimemwaga, baba."

Maharage yalinyamaza kwenye ungo. Kisha yakaendelea.

Kesho yake, wametoka kanisani, Klara alimvuta mumewe pembeni.

"Mama anauliza zile za jana zilimwagwa."

"Anauliza au anasema?"

"Anasema hakusikia kopo."

Emilian alikasirika kwa namna ya mtu aliyefumaniwa. Akamwuliza Klara tangu lini mama mkwe anamsikiliza mkwe wake mlangoni, kama hiyo ndiyo heshima ya kwao, na kama anataka yeye aende kumjibu uso kwa uso. Klara aliona aibu kwa niaba ya mama yake, akarudisha jibu lililopunguzwa makali: imemwagwa. Mama hakuwa na njia nyingine. Angeweza kumwambia mumewe, ndiyo, lakini hilo lingekuwa kumshitaki mkwe kwa uongo, na mkwe akifukuzwa, binti yake na wajukuu wangefuata. Akanyamaza. Risasi thelathini zikawekwa kwenye sanduku moja pamoja na nyingine kumi na mbili ambazo mzee, kwa ubishi wa uzee, alikuwa amezijaza mwenyewe wiki iliyotangulia kwa kupapasa.

Siku tano Emilian alipita karibu na sanduku hilo. Alikuwa na siku tano. Angeweza kusema, "Baba, nilikosea," akachekwa kilabuni, akarudishwa nyuma miaka tisa, basi. Kila asubuhi alijiambia kwamba ganda lile bila shaka lilikuwa tupu, na kufika jioni alikuwa ameamini.

Alhamisi alfajiri nguruwe waliingia kwenye viazi. Mzee alichukua bunduki, Emilian akabeba sanduku. Kulikuwa kumepambazuka vya kutosha kuona. Mzee alipiga ya kwanza, nguruwe mkubwa akalala. Akapiga ya pili, ikakosa. Emilian akamkabidhi ya tatu, kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Mlio wa tatu ulikuwa mwingine. Melkiori alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, chuma cha bunduki kimefunguka ubavuni, na mkono wake wa kushoto haukuwa na vidole viwili. Usoni hapakuwa na mahali pa kutazama. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Baba Janeth, wewe umeumia?"

Emilian hakuwa ameumia.

Walimpakia kwenye bodaboda, Emilian akimkumbatia kwa nyuma asianguke, mpaka barabarani walipopata gari. Hospitali walimtoa jicho la kulia. La kushoto likabaki la kutofautisha mchana na usiku. Polisi walikuja wakachukua mabaki ya bunduki, mashine, mizani na makopo yote. Walipouliza ni nani alikuwa anatengeneza risasi, mzee aliwaambia kutoka kitandani: mimi, peke yangu, mkwe wangu alikuwa ananishikia taa. Kwa sababu ya hali yake walimwacha nje kwa dhamana, kesi ikangoja. Emilian alisimama hapo hapo miguuni pa kitanda, mikono nyuma, akaliacha neno hilo lipite. Wanasema majuto ni mjukuu. Yake hayakungoja ukoo.

Mzee alirudishwa nyumbani mwezi wa sita. Siku ya tatu alimwita Emilian, wakakaa pale nyuma ya nyumba, kwenye meza iliyobaki na matundu manne ya bolti za mashine. Evodia alikuwa ndani, karibu na mlango.

"Nataka unisaidie jambo moja," mzee alisema. "Sikuulizi kwa ubaya. Nimepiga kazi hii miaka ishirini na nane kambini na kumi hapa. Hakuna bunduki iliyopasuka kwa risasi yangu. Nimelala nikizihesabu zile zote, moja moja. Siku ile ya mvua, ulipoinuka. Ulimwaga?"

Emilian alitazama kitambaa kilichofunika jicho la mzee, na ilimjia waziwazi kwamba mtu huyu hana tena cha kumfanya: hana bunduki, hana macho, na hasira hakuwa nayo tangu zamani. Alichoomba kilikuwa chake mwenyewe, arudishiwe imani ya mkono wake.

"Nilimwaga, baba."

Melkiori aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole.

"Basi ni zile kumi na mbili," alisema. "Ni mkono wangu. Nilijua nimezeeka, nikabisha." Akapapasa mpaka akaupata mkono wa Emilian, akaushika kwa vidole vitatu vilivyobaki. "Nisamehe, mwanangu. Ningeweza kukuua."

Emilian akamsamehe. Sijui nilisemeje jambo hilo kwa namna nyingine. Alisema, "Yamekwisha, baba," na mzee akashukuru.

Tangu siku hiyo Melkiori hakuzungumzia ufundi tena. Vijana wakija kumwuliza habari za kambini, aliwaambia wakaulize mafundi. Nguruwe walikula bonde lote mwaka ule, na watu waliolishwa na bunduki ile wakaanza kusema kwamba mzee alikuwa hatari siku nyingi, ila walimstahi tu.

Wiki moja baadaye Emilian alikuwa anatoka kisimani asubuhi, madumu mawili mikononi, akamwona mama mkwe anakuja kutoka upande wa pili. Aliinamisha kichwa kama siku zote, akangoja mama aache njia na kugeuka. Hakusikia majani yakikanyagwa. Alipoinua macho kidogo, Evodia alikuwa amesimama katikati ya njia, hatua mbili tu, ndoo tupu kichwani, anamtazama usoni.

Emilian ndiye aliyeiacha njia. Aliingia kwenye miiba na madumu yake, na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akasema kwa mara ya kwanza katika miaka tisa:

"Shikamoo, mama."

Marahaba hata mwizi hupewa. Evodia alimtazama mpaka alipotosheka, akaiweka ndoo sawa kichwani, akashika njia yake kwenda kuteka maji.